Mama Pindo na Kipande cha Kiwanja

Wasikilizaji wapendwa, habari ya Jumapili. Mlio Majengo, mlio Mabanga, mlio njiani kutoka kanisani na simu sikioni, karibuni. Mwenye kupika maharage aongeze sauti, maana leo nasema polepole na sitaki mtu anisimamishe kesho barabarani kuniuliza nilisema nini. Mimi ni Paulin, na leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa mtaa wa Majengo, hapa Goma. Jina lake ni Valérie Mukamazimpaka. Wengi wenu hilo jina hamlijui. Nikisema Mama Pindo, basi tumeelewana.

Mama Pindo alituaga Jumanne iliyopita, hospitalini, kwa ugonjwa wa sukari na presha. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Tulimzika Alhamisi. Nasema tulimzika kwa sababu na mimi nilikuwepo, na nililia, na sioni haya kulisema redioni.

Niseme kwanza kazi yake, kwa wale wanaotusikiliza kutoka mbali. Mama Pindo alimalizia kuvreli za vipande, yale mafuniko ya kitanda. Narudia, alimalizia. Wewe mama unakusanya vipande vya kitenge kwa mshonaji, vingine unavikata kwenye gauni la mtoto aliyekua. Unaviunga kimoja kimoja kwa mkono, miezi sita, mwaka. Unapata uso mzuri wa kuvreli. Lakini uso peke yake ni kitambaa tu, haukukingi na baridi ya Goma, na baridi hiyo mnaijua. Ndipo unakwenda Majengo. Mama Pindo anatandaza kitambaa cha chini. Juu yake anaweka blanketi la mtumba lililofuliwa hadi likalainika. Juu kabisa anaweka uso wako. Halafu anavishona vyote vitatu pamoja, mwanzo hadi mwisho, kwa mistari inayopinda na kurudi. Akimaliza anakata kingo zinyooke, anazifunga kwa pindo, ule utepe wa kitambaa unaozunguka pande zote nne. Hapo ndipo jina lilipotoka. Alikuwa akiwaambia wateja wake, "Uso ni wako, mama. Usingizi njo wangu." Yaani, usingizi ndio wangu.

Mashini yake hamtaiona dukani. Mwaka 2002, volkano iliposhuka, nyumba yao ya kwanza ilikwenda, na mashini yake ndogo ya kushonea ikaenda nayo. Mume wake ni Papa Ézéchiel Sibomana, fundi wa kuchomelea vyuma huko Mabanga, sudere kama tunavyosema. Papa Ézéchiel aliokota kichwa cha mashini ya kiwanda, kimekufa, kimejaa kutu. Akakata mkono wa mashini, akauongezea chuma hadi ukafika mita moja. Akaukalisha juu ya magurudumu madogo, na magurudumu juu ya reli mbili. Kuvreli inakazwa kati ya mabomba mawili ya maji, haitembei. Inayotembea ni mashini. Na pale pa kushikia, wasikilizaji, alifunga usukani wa chukudu. Ndiyo, ile baiskeli yetu ya mbao isiyo na pedali, unayoiona ikishuka barabarani na magunia ya makaa.

Nilimuuliza Papa Ézéchiel wazo lile alilitoa wapi. Akanijibu hivi: "Nilikuwa naona bibi yangu anasukuma kuvreli kubwa chini ya mashini kadogo, anatoka jasho sawa mutu anasukuma ng'ombe mu mulango. Nikamuambia: acha kuvreli ilale, mashini njo itembee. Akanicheka siku tatu. Ya ine akaniuliza nitamaliza wakati gani."

Umeme ukikatika, na mnajua unakatika, hawakusimamisha kazi. Mama Pindo alishika usukani wa chukudu na kuongoza sindano. Papa Ézéchiel alitembea kando yake akizungusha gurudumu kwa mkono. Walikwenda huku na huko, mume na mke, mchana kutwa. Majirani waliwasikia wakigombania mwendo.

"Polepole, muzee! Unakimbilia wapi? Misa ilishaisha!"

"Weye njo unachelewa. Mukono yangu haina breki."

"Basi uiwekee. Si weye sudere?"

Mimi mwenyewe nilikwenda kwake miaka minne iliyopita na kinasa sauti changu, nimevaa shati safi, nikidhani nakwenda kufanya mahojiano. Alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Akasema, "Redio iko na mikono?" Nikasema iko nayo. Akanivua viatu, akanipa ncha ya utepe wa pindo niishike wakati yeye anaukunja na kuupiga pasi. Nilisimama pale dakika arobaini. Kila nikifungua kinywa kuuliza swali, aliniambia nimelegeza. Mahojiano yale hayakurushwa kamwe, kwa sababu karibu yote ni sauti yake ikisema, "Kaza, Paulin. Kaza."

Alikuwa mkali juu ya kona. Kona nne za kuvreli. Pindo likifika kwenye kona lazima likunjwe mara mbili na kulala bapa, lisitoe kinundu, lisitoe sikio. Binti yake, Vanessa, aliyejifunza kazi hiyo kwa mama, anasema alifumua kona moja mara kumi na moja alipokuwa msichana. "Nililia," Vanessa aliniambia. "Mama akanipa chai, akaningoja nimalize kulia, kisha akaniambia: sasa fumua tena." Alilisema akicheka, na machozi yanamtoka.

Mstari aliopenda kuushona aliuita njia ya ng'ombe. Mama Pindo alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, katika familia ya wafugaji, na alisema ng'ombe hashuki moja kwa moja kwenda mtoni, anazunguka kilima taratibu, anapinda, anarudi. Ndivyo alivyoongoza sindano. Ukilala chini ya kuvreli yake, pitisha kidole, utaifuata njia hiyo hadi usingizi ukuchukue. Mimi ninayo moja. Mke wangu na mimi tunaigombania hadi leo.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, nawaomba msogee. Kuna jambo moja katika maisha ya Mama Pindo ambalo familia yake imeniruhusu kulisema hapa. Nimeuliza mara mbili. Wameniambia mara mbili niseme.

Miaka miwili ya mwisho, Mama Pindo alikuwa haoni vizuri. Narudia, alikuwa haoni vizuri. Ile sukari ilimpanda machoni. Rangi aliziona, kama mtu anayetazama kupitia moshi. Maua na michoro ya kitenge hakuiona tena. Mteja hata mmoja hakuambiwa. Papa Ézéchiel ndiye aliyetunga uzi kwenye sindano. Vanessa ndiye aliyemwambia rangi ipi iko karibu na ipi. Kona, pindo, mistari, hayo yote aliyafanya kwa vidole, na hakuna aliyegundua. Vanessa alimwomba aache kazi. Walinuniana wiki nzima. Mama alimjibu, "Nikiacha, nitaamuka asubui kufanya nini? Kungoja chakula?" Siri ile ilikuwa ndiyo kazi yake, na kazi ile ilikuwa ndiyo maisha yake. Siku watu watakapojua, hakuna mama atakayemletea jasho la mwaka mzima lishonwe na mtu asiyeona.

Mwaka huu, mama mmoja aitwaye Umurerwa alimletea uso wa kuvreli. Mama Umurerwa anatoka Masisi. Alikimbia vita miaka mitatu iliyopita na binti yake, Igiraneza, na sasa wanaishi Majengo, nyumba ya tatu kutoka kwa Mama Pindo. Igiraneza alikuwa anaolewa. Kuvreli ilikuwa ya kitanda cha harusi. Mama Umurerwa aliiunga kwa mkono mwaka mzima, vipande vya njano, vyekundu, vya kijani, na katikati kabisa kipande kimoja cha bluu nzito chenye michoro myeupe, ukubwa wa viganja viwili.

Hapa nieleze kidogo, ingawa ninyi mnaijua desturi yetu. Mtu akifa, familia inachagua kitenge kimoja, na wote wanakishona. Wa harusi wana chao, wa matanga wana chao. Ukifungua sanduku la mama wa hapa kwetu unaweza kuhesabu harusi na mazishi ya ukoo mzima. Na kitenge cha matanga hakipandi kitanda cha maharusi. Hilo hakuna anayekufundisha. Unakua unalijua.

Mama Pindo alipopitisha vidole na kuona ile bluu katikati ya njano, alimwita mume wake. "Muzee, angalia hii. Si ile ya matanga Umurerwa alivaa siku alifika hapa?" Papa Ézéchiel akatazama. Ilikuwa yenyewe, bluu yenye majani meupe. Akasema ndiyo.

Mama Pindo alifikiri nini? Alifikiri mama wa watu amechoka, amekimbia vita, amekata alichokuwa nacho bila kuangalia. Akaona kwamba akimwambia atamtia aibu. Na akimwacha hivyo, mama wa bwana harusi ataiona, na maneno yataanza kabla bibi harusi hajavua viatu. Akaamua kumfunika mwenzake kimya kimya. Akafumua kile kipande. Akaweka mahali pake kipande cha kitenge chake mwenyewe cha harusi, cha njano, alichokitunza tangu siku aliyoolewa. Na ile bluu akaitia kwenye mbabula, lile jiko la makaa, ikaungua, kwa sababu kitu cha matanga hakibaki ndani ya nyumba inayoshona cha harusi. Kisha akashona kuvreli yote, njia ya ng'ombe, siku nne.

Wasikilizaji, mimi ningefanya vile vile. Nawaambia ukweli. Mshonaji yeyote mwenye roho nzuri hapa Goma angefanya vile vile. Ni kosa la mtu anayeijua desturi sana, na anayempenda jirani yake, na aliye mkaidi, asiyetaka kuuliza. Mama Pindo alikuwa vyote vitatu.

Siku kumi na mbili kabla ya harusi, Mama Umurerwa alipita kuangalia kazi. Vanessa alikuwepo. Anasema Mama Umurerwa aliingia akicheka, akasifu mistari, kisha akaweka kidole katikati na kukiacha pale.

"Iko wapi ya baba yake?" aliuliza.

"Ya baba yake nini?"

"Ile ya bluu. Niliiweka hapa."

"Niliitoa, mama. Ilikuwa ya matanga. Nilifikiri ulikosea."

Mama Umurerwa hakupiga kelele. Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu. Akaeleza polepole. Mume wake, Twagirimana, mkulima na mfugaji wa Masisi, alikufa kwa ugonjwa miaka sita iliyopita. Walimzika huko, na kaburi hawawezi kulifikia. Picha ziliungua na nyumba. Siku ya kukimbia alitoka na nguo aliyokuwa amevaa, na nguo yenyewe ilikuwa hiyo bluu, kitenge cha matanga ya mume wake. Alikivaa kambini, akaja nacho hapa Majengo, hadi kikaisha. Kilibaki kipande kizima kimoja tu, cha viganja viwili. Anaijua desturi, alisema, haijamtoka. Lakini Igiraneza alimwomba. Igiraneza alisema, "Mama, papa hatakuwa ku harusi yangu. Basi awe mu kuvreli."

"Sasa kiko wapi?" aliuliza.

Mama Pindo alimwambia ukweli. Alimwambia amekichoma.

Mama Umurerwa aliinuka, akasema asante kwa kazi, akatoka. Siku tatu Mama Pindo hakugusa mashini. Siku ya nne asubuhi alimwamsha mume wake. Alikuwa ameshavaa.

"Muzee, kitenge ya matanga haivaliwi na mutu moja," alimwambia. "Familia nzima ilishona ile kitenge. Kuko mutu mahali fulani bado iko nayo. Lazima iko."

"Na miguu yako?" Papa Ézéchiel aliuliza, maana miguu ilikuwa imevimba hadi viatu haviingii.

"Nitavaa kandambili."

Aliuliza jirani mmoja wa Masisi, bila Mama Umurerwa kujua, ndugu wa Twagirimana wamebaki wapi. Akaambiwa kuna shangazi yake katika mji wa Kiwanja, kule Rutshuru, mukecuru aitwaye Niyigena. Mukecuru ni bibi mzee, kwa msiosema Kinyarwanda. Basi wakapanda gari hadi Kiwanja, wazee wawili. Kutoka sokoni wakapanda pikipiki moja, watatu pamoja na mwenye kuendesha, kupita katikati ya mashamba. Papa Ézéchiel anasema mke wake alishika mkebe wa sindano mkononi njia nzima kama mtu anayekwenda kuapa.

Walimkuta mukecuru Niyigena anachambua maharage mlangoni, amejifunga kitenge cha bluu nzito chenye michoro myeupe. Mama Pindo aliona bluu. Aliona weupe juu ya bluu.

"Hii ni ya matanga ya nani, mukecuru?"

"Ya Twagirimana wetu," alisema yule bibi, bila kufikiri mara mbili.

Kumwomba akikate haikuwa rahisi. Mukecuru alisema yeye hakatiwi nguo mwilini kama maiti. Alisema pia kwamba vitambaa vyake vyote vinafumuka chini, na watu wa Goma wakimtaka kipande, wamkunjie kwanza mapindo. Alitoa vitenge vinne. Mama Pindo alikaa pale mlangoni hadi jioni akikunja mapindo kwa mkono, Papa Ézéchiel anamtungia uzi. Alipomaliza, mukecuru alipitisha kidole kwenye mshono, akaingia ndani kubadilisha nguo. Akarudi na ile bluu na mkasi. Akawakatia viganja vinne badala ya viwili.

Walirudi Goma kesho yake. Mama Pindo alifumua kile kipande chake cha njano, akashona bluu mahali pake, akapitisha tena njia ya ng'ombe juu yake, kisha akalipanga pindo pande nne. Kabla ya kufunga pindo alimwita Mama Umurerwa. Papa Ézéchiel alikuwa amesimama kando ya mashini. Mama Pindo aliushika mkono wa Mama Umurerwa, akauweka katikati ya kuvreli. Akasema, "Nilikukosea. Nilienda kumutafuta. Njo huyu?"

Mama Umurerwa alitazama. Kisha akasema, "Njo yenyewe. Njo yeye. Asanti, mama yangu." Wakakumbatiana, wakalia wote wawili.

Harusi ilifungwa siku yake, Jumamosi. Mama Pindo alicheza, na miguu ile ile, kwa kandambili. Waliomwona wanasema alionekana amerudi miaka ishirini nyuma. Wiki tatu baadaye alilazwa, na hakutoka. Vanessa, aliyekuwa akimlisha, anasema mama yake aliirudia habari ya Kiwanja kila siku, kwa kila muuguzi, na kila mara mukecuru alikuwa mkali zaidi na mapindo yalikuwa mengi zaidi. Yalianza manne. Mwisho yalifika tisa.

Sasa nifike Alhamisi. Tumetoka makaburini. Watu wamekaa uani kwa marehemu, chakula kinazunguka. Nilikuwa karibu na Papa Ézéchiel, na kinasa sauti changu mfukoni, nimekizima, narudia, nimekizima. Mama Umurerwa akaja, akapiga magoti mbele ya mzee, akasema ana neno linalomsumbua.

"Papa," alisema, "nilimudanganya bibi yako."

Mzee akamtazama.

"Ile kitenge ya Kiwanja haikuwa ya matanga ya bwana yangu. Yetu ilikuwa na majani. Ile iko na nyota. Niliona palepale. Na njo palepale nilijua mama haone. Mutu mwenye kuona hawezi changanya majani na nyota. Nikaangalia miguu yake. Nikafikiri, nikimuambia hapana, ninamuambia vitu mbili kwa mara moja. Nikasema njo yenyewe. Unisamehe."

Wasikilizaji wapendwa, nilidhani mzee atakasirika. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sikujua analia au anacheka, na nadhani na yeye hakujua.

"Weye pia?" alisema.

Kwa sababu Papa Ézéchiel naye alijua. Yeye ndiye aliyeitazama ile bluu ya kwanza, yenye majani, kabla haijaungua. Kule Kiwanja, mukecuru alipokunjua kitambaa, mzee aliona nyota. Alifungua kinywa aseme. Lakini mke wake alikuwa ameshakishika kitambaa kwa mikono miwili, anasema, "Tumemupata, muzee, tumemupata." Akafunga kinywa. Njia yote ya kurudi alijiuliza Mama Umurerwa atasema nini. Alipomsikia akisema ni yenyewe, alimshukuru Mungu kwamba mama huyu naye hakuona tofauti. "Wiki zote hizi nilikuwa napenda kukuomba musamaha juu ya kukuachia kitambaa ya bure," alimwambia. "Sikujua namna ya kuanza."

Wakashikana mikono pale, mjane na mjane mwenzake, na mimi nikainuka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, kwa sababu mtu wa redio ana mipaka yake.

Nilimuuliza Igiraneza kama alijua. Alisema mama yake alimwambia usiku wa kuamkia harusi. Nilimuuliza kama anataka kile kipande kitolewe, maana Vanessa amekubali kukifumua bila malipo. Alikataa karibu kwa hasira. Alisema, "Ule mama alipanda pikipiki na miguu ya kuvimba kumutafutia papa yangu mahali. Nani atakuwa na nguvu ya kufumua ile?"

Kwa Papa Ézéchiel Sibomana, kwa Vanessa, kwa watoto na wajukuu wote, kwa mama wote wa Majengo mliolala chini ya mkono wa Valérie Mukamazimpaka, redio hii inawapa pole, na mimi Paulin nawapa pole yangu peke yangu. Mungu amlaze mahali pasipo na baridi. Nawe msikilizaji mwingine, leo kabla hujalala, mfikirie mtu mmoja aliyewahi kukukosea akitaka kukusaidia. Mpigie simu kama bado anaweza kupokea.

Limebaki neno moja. Tulimpigia simu jamaa wa mukecuru Niyigena. Bibi anashikilia kwamba kitenge ni cha Twagirimana, na hataki kuulizwa tena. Amezika wengi miaka hii, na vitenge vya bluu ni vingi. Kwa hiyo lipo tangazo, nami nalisoma mara mbili, kama tunavyosoma matangazo ya vifo. Familia yoyote ya Kiwanja, ya Rutshuru, au ya Masisi, iliyowahi kumzika mtu wake kwa kitenge cha bluu nzito chenye nyota nyeupe: hatujui jina la mtu wenu, na tunaomba radhi kwa kutolijua. Kipande cha kitenge chenu kiko katikati ya kitanda cha maharusi hapa Goma, kimeshonwa vizuri, na hakitatolewa. Narudia. Familia iliyomzika mtu wake kwa kitenge cha bluu chenye nyota nyeupe: mtu wenu yuko kwetu, amefunikwa, na tunamtunza.